Boma la Mgombea

Filister alikuwa amefika katika eneo bunge la Mto Kavu, huko Nairobi, mara moja tu maishani mwake, lakini aliijua historia ya uchaguzi wa eneo hilo kuliko madiwani wake. Aliijua kwa nguo. Mwaka wa tisini na mbili, vyama vingi viliporejea na mumewe Willis Radier akagombea kiti hicho kwa mara ya kwanza, Dorine, mke wa pili, alipanda jukwaani na gauni la rangi ya machungwa. Filister, aliyekuwa amesafiri kutoka Kendu Bay ili naye aonekane, alipelekwa nyuma ya ukumbi kusimamia masufuria ya wali wa mawakala. Willis akashindwa. Mwaka wa tisini na nne yule aliyemshinda alihama chama, kiti kikawa wazi, uchaguzi mdogo ukaitishwa. Safari hiyo Dorine alivaa suti ya buluu na kofia yenye ua, na picha yake akiwa ubavuni mwa Willis ilibandikwa mpaka kwenye mlango wa kinu cha kusagia mahindi pale Kendu Bay, mahali ambapo Filister hakuweza kwenda kusaga bila ya kutazamana nayo. Willis akashindwa tena. Kwa maoni ya Filister, kofia ile ndiyo iliyomwangusha.

Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na saba, Novemba, na mvua ilikuwa ikinyesha kana kwamba imesahau namna ya kuacha. Willis aliingia katika nyumba ya Filister, iliyokuwa ndani ya boma la marehemu baba mkwe wake, akavua viatu vyenye tope, akakaa.

"Nyar Sakwa," alisema. Yaani binti wa Sakwa, ukoo wa kina Filister kule Awendo; jina hilo Willis alilitumia kila alipotaka kitu.

"Umekula njiani?"

"Nimekula. Mwaka huu tunashinda. Limebaki jambo moja tu."

"Gauni la rangi gani safari hii?"

Willis alijifanya hakusikia. Alieleza kwamba mpinzani wake alikuwa amepata maneno mapya ya kusema katika mikutano. Kila aliposhika kipaza sauti aliwaambia watu wa Mto Kavu, ambao wengi wao walikuwa wapangaji waliotoka kandokando ya ziwa: "Mwulizeni mgombea wenu lango la boma lake linatazama upande gani." Nao walicheka, kwa sababu Willis hakuwa na lango. Mtu mwenye mvi, mwenye wake wawili na mwana aliyemaliza chuo cha ualimu, bado nyumba yake ilisimama katika boma la baba yake kama ya kijana anayeanza kunyoa ndevu. Chama cha ustawi cha watu wa nyumbani waishio Mto Kavu kilikuwa kimekutana na kuamua kwamba hakitampigia kura mtu asiye na kwake.

"Wanataka nianzishe boma kabla ya uteuzi wa wagombea," Willis alisema. "Watawatuma watu wao washuhudie."

"Lianzishe."

"Nyar Sakwa, boma halianzishwi na mwanamume peke yake. Wala halianzishwi na mke wa pili."

"Kwa hiyo Dorine hawezi."

"Unajua hawezi."

"Najua. Nataka ulitamke."

Willis alitazama viatu vyake. "Dorine hawezi," alisema.

Filister aliyatafuna maneno hayo polepole, kama wanavyotafuna miwa watoto wa kwao, mpaka utamu wote ukayatoka. Kisha akauliza swali alilokuwa amelihifadhi tangu ule mwaka wa masufuria.

"Katika picha mpya nitasimama wapi?"

"Ubavuni pangu."

"Upi? Una mbavu mbili."

"Wa kulia," Willis alisema. "Nakuahidi."

*

Waliingia katika kiwanja kipya alfajiri, kwa utaratibu wa ukoo. Mbele alitangulia Mzee Elkana, mdogo wa marehemu baba yake Willis, ambaye wote walimwita Jaduong', yaani mzee. Nyuma yake alifuata James, mwana wa kwanza, na jogoo kwapani na shoka begani, kisha Willis, kisha Filister, aliyebeba makaa ya moto katika kigae cha chungu na kuyakinga kwa kanga yake yasipatwe na manyunyu. Hakuwahi kubeba kitu kwa uangalifu namna ile, hata watoto wake.

Wanaume wa ukoo walisimamisha nyumba siku hiyohiyo: nguzo, fito, udongo, na mabati mapya yaliyoletwa kutoka Homa Bay. Bwana Oliver, katibu wa chama cha ustawi, alikaa kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli na kushuhudia kila kitu, akitikisa kichwa kwa kuridhika kama mkaguzi wa shule. Rispa, jirani wa Filister, alikuja na kina mama wenzake kukandika kuta.

"Mama mheshimiwa," Rispa alisema, mikono yake imejaa udongo, "ukifika Nairobi utatusalimia tena, au itabidi tuandikishe majina kwa karani?"

"Wewe nitakuona Ijumaa tu," Filister alijibu, "na uje umeoga."

Kina mama walicheka, na Filister alilisikia jina lile, mama mheshimiwa, likitambaa juu ya ngozi yake kama maji ya moto siku ya baridi.

Adhuhuri gari la Willis lilisimama barabarani. Maroa, dereva wake, kijana wa Ntimaru, alifungua mlango wa nyuma, na Dorine akashuka. Alikuwa amevaa sketi ya kijivu na viatu vya ngozi vyenye visigino vifupi. Filister aliviona viatu kwanza. Dorine alitembea mpaka penye fito mbili zilizochomekwa ardhini kuonyesha lango, akasimama hapo, pakiti za sukari na majani ya chai mikononi.

"Dada, hongera kwa boma."

"Usivuke hapo," Filister alisema.

"Najua, dada. Nilifundishwa kwetu. Mpaka wewe ulale, na mpaka uniite."

"Basi tumeelewana."

"Nimekuja kwa ajili ya picha tu. Usiku huu narudi Nairobi, matawi ya chama hayana mtu." Dorine aliweka sukari na majani ya chai chini, upande wake wa lango. "Nguo hiyo imekupendeza."

Filister alitafuta kejeli ndani ya maneno hayo na, alipoikosa, akamchukia zaidi. Mpiga picha aliwapanga pale langoni: Willis katikati, Filister kulia kwa ndani, Dorine kushoto kwa nje. Filister alisimama wima kama askari wa gwaride, kilemba chake cha manjano kikiwa kimefungwa upya mara kadhaa.

Jioni, kabla ya kuondoka, Jaduong' Elkana alipiga magoti mbele ya mafiga mapya na kuupuliza moto ulioletwa katika kigae.

"Sikilizeni," alisema. "Willis halali nje ya boma hili mpaka siku nne zitimie. Moto huu nao usife. Ukifa, tunaanza kuhesabu upya. Marehemu kaka yangu mvua ilimzimia wake, akaanza upya, na hakunung'unika."

"Siku zenyewe zitatimia kabla ya uteuzi?" Bwana Oliver aliuliza.

"Zitatimia na nafasi itabaki," alisema Willis.

*

Siku zile zilipaswa kuwa za Filister. Alikuwa na nyumba mpya, mume mlangoni, na Bwana Oliver, mgeni kutoka Nairobi, aliyelala katika boma la jirani na kuamkia hapo kila asubuhi kumwamkua kwa heshima. Lakini Willis alikuwa ameketi Kendu Bay huku kinywa chake kikiwa Mto Kavu. Alipokunywa uji alizungumzia vituo vya kupigia kura. Alipokula samaki alizungumzia mawakala. Na kila sentensi, popote ilipoanzia, ilipita nyumbani kwa Dorine. Dorine anasema kina mama wa sokoni wako nasi. Dorine anasema tusimtegemee yule mchungaji. Dorine ameshaongea na vijana wa kituo cha magari.

"Dorine anasema nini kuhusu samaki huyu?" Filister aliuliza siku moja.

"Samaki gani?"

"Huyo unayemla."

Willis alimtazama, akatazama sahani, akaendelea kula. "Ni mzuri," alisema.

Ilikuwa imebaki siku moja tu hesabu ya Jaduong' itimie Maroa alipofika na matangazo ya kampeni yaliyotoka kuchapishwa. Aliyashusha yakiwa katika mabunda yaliyofunikwa kwa nailoni. Willis na Bwana Oliver walikwenda kulikagua gari, ambalo tope lilikuwa limeliharibu chini, na Maroa akabaki mlangoni, asiingie wala asiondoke.

"Nionyeshe," Filister alisema.

"Mama, ngoja mzee arudi."

"Nionyeshe, baba."

Maroa alichomoa karatasi moja. Katikati alikuwapo Willis, akitabasamu. Kushoto kwake alikuwapo Dorine, mzima, tangu nywele hadi mkoba. Kulia palikuwa na ukingo wa karatasi, na penye ukingo palikuwa na nusu ya bega na ncha ya kilemba cha manjano.

Filister aliigusa ncha ile kwa kidole. "Mimi niko wapi?"

"Karatasi ilikuwa ndogo, mama," Maroa alisema.

"Ilikuwa ndogo upande mmoja tu?"

Maroa alitazama barabarani. Willis alikuwa amerudi, naye alipoona karatasi iko mikononi mwa nani alijua kwamba amechelewa.

"Ni kosa la mpiga chapa," alisema. "Tutachapisha nyingine."

"Nani alimpelekea picha?"

"Nyar Sakwa."

"Nauliza nani alimpelekea."

"Dorine. Lakini mimi ndiye niliyemwambia katika simu azichape upesi. Zikicheleweshwa hazina faida." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu aliyezoea kutetea hoja mbele ya mikutano, akaongeza maneno ambayo heri angeyaacha. "Hizi ni kura. Kina mama wa Mto Kavu wanamjua Dorine. Wewe hawakujui."

"Hawanijui kwa sababu nilikuwa nyuma na masufuria."

Willis alinyoosha mkono kumgusa, akakuta hewa. Akatoka kurudi kwa Oliver penye gari, na Maroa akamfuata.

Filister alibaki na karatasi. Mawingu yalikuwa yamejifunga tangu asubuhi, lakini tone lilikuwa bado halijaanguka. Alifikiri juu ya kesho: Willis angepanda gari, angelala Nairobi, na Dorine angemfungulia mlango akiwa amevaa sijui nini. Hakufikiri juu ya msimamizi wa uchaguzi, wala juu ya siku ya mwisho ya kuwasilisha karatasi za uteuzi. Alitaka tu kwamba Dorine angoje. Alitaka akae dirishani na asikie magari yakipita, kama yeye alivyoyasikia miaka yote.

Aliuchukua mtungi wa maji ya kunywa na kuyamimina juu ya mafiga, taratibu, mpaka jivu likawa uji mweusi. Moshi ulipanda ukamwingia machoni. Aliketi. Mvua ilipoanza hatimaye kupiga mabati, alingoja izidi, kisha akatoka mlangoni na kuita kwa sauti kubwa kuelekea boma la Mzee Elkana, ng'ambo ya njia:

"Jaduong'. Moto umekufa."

*

Mzee Elkana aliyatazama mafiga, akayatazama mabati mapya juu yake, akamtazama Filister. Alikuwa mzee aliyeishi na wake watatu, na macho yake hayakuwa na haraka.

"Mvua," alisema mwishowe. "Tunaanza upya."

"Jaduong', nakuomba," Willis alisema. "Wiki hii ndiyo ya uteuzi."

"Uteuzi ni wa serikali. Boma ni lako."

Willis alimgeukia Bwana Oliver, naye Oliver alikuwa akifuta miwani yake. "Ndugu Radier, mimi nilitumwa kushuhudia. Ukiondoka leo, watu wakiniuliza kama siku zilitimia, sitaweza kuwadanganya. Na wataniuliza."

Basi Willis akakaa. Alihesabu kwa vidole na kukuta kwamba siku mpya zingetimia asubuhi ya mkesha wa siku ya mwisho. Maroa akiendesha kutwa na usiku, wangefika. Aliutunza moto mwenyewe, akiuamkia kuuchochea, na kila Filister alipokaribia mafiga alimwambia apumzike. Filister hakujua kama hiyo ilikuwa huruma au ulinzi.

Asubuhi ya kuondoka ilipofika, daraja la njia ya Kisumu lilikuwa limechukuliwa na maji. Waligeuka kushika njia ya Homa Bay na Rongo. Huko walikuta malori ya miwa yamezama hadi kwenye ekseli, yamepangana barabara nzima, madereva wao wamelala juu ya mizigo. Alasiri Willis alirudi Kendu Bay, tope limemfika mapajani, na hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja posta, na Filister, aliyemwona akipita, akachukua mwavuli na kumfuata.

Simu ilikuwa ukutani, katikati ya watu waliokuja kununua stempu. Ilibidi Willis apaze sauti, na kila aliyekuwapo alinyamaza ili asikie vizuri.

"Siwezi kufika, Dorine, nakwambia. Hapana njia, na mgombea lazima afike mwenyewe. Cheti cha chama kiko wapi? Mkononi mwako? Kina jina?" Alisikiliza. "Chama kinakubali kubadilisha jina? Mpaka kesho adhuhuri. Basi mpe Oliver. Ndiyo, najua Oliver yuko hapa na mimi. Mchungaji? Yule tulisema tusimtegemee." Alisikiliza tena, muda mrefu zaidi. "Nani?"

Filister aliona mgongo wa mumewe ukishuka, kama gunia lililotobolewa chini.

"Andika lako," alisema Willis.

*

Matokeo ya Mto Kavu yalisomwa redioni mwishoni mwa mwaka, baada ya mvua kuwalazimisha watu wa uchaguzi kuongeza siku ya kupiga kura. Nyumba mpya ilijaa majirani. Willis aliketi kwenye kiti chake cha mwenye boma, redio magotini.

Mtangazaji alisoma majina na idadi za kura kwa sauti ileile aliyosomea habari za mafuriko. Kisha akasema kwamba aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Mto Kavu ni Bi. Dorine Radier.

Jina Radier lilikuwa la Filister pia. Alikuwa amelibeba kwa miaka mingi kuliko yule aliyesomwa.

Watu walipiga vigelegele, kwa kuwa ushindi ulikuwa wa ukoo. Waliponyamaza, Rispa alijifuta machozi ya furaha na kuuliza, bila ubaya wowote: "Sasa, Mama James, wewe utakuwa nani wa mheshimiwa?"

Nyumba ilicheka. Mtu mmoja aliuliza kuhusu mwenye boma naye ataitwaje, na kicheko kikaanza upya. Willis alicheka pamoja nao, akizungusha kitufe cha redio ambacho hakikuhitaji kuzungushwa.

*

Dorine alikuja Januari, na magari matatu na umati ulioanza kuimba tangu sokoni. Alishuka barabarani akatembea kwa miguu. Filister, aliyekuwa amejiandaa kwa suti au kofia yenye ua, alimwona amevaa kitenge cha kawaida na kilemba, na viatu vya mpira kwa ajili ya tope. Hilo lilimwuma kuliko kofia. Penye lango, ambalo sasa lilikuwa na miti ya minyaa iliyoanza kushika, mheshimiwa mbunge wa Mto Kavu alisimama asivuke, na umati ukasimama nyuma yake.

Willis alikwenda langoni. Dorine alimsalimu, lakini hakusogea. Alikuwa akimngoja Filister.

Filister alitembea uwanja mzima wa boma lake huku watu wakimtazama. Wangetazama hivyohivyo kama angekataa.

"Karibu kwangu," alisema.

"Asante, dada." Dorine alivuka, akamshika mikono yote miwili, akamsogezea kichwa kana kwamba anambusu shavu. Alizungumza kwa sauti ya chini, na haikuwa sauti ya jukwaani. "Maroa aliniambia kwamba siku ile alisikia harufu ya jivu lililomwagiwa maji, na mvua bado haijaanza."

Filister alijaribu kuitoa mikono yake. Haikutoka.

"Sikumwambia mtu, na yeye sitaki aseme," Dorine alisema. "Mara mbili niliandika hotuba zake, nikasimama pembeni, nikapiga makofi. Nilidhani nitazeeka nikipiga makofi." Akamwachilia. "Na ile karatasi ya matangazo, dada, mimi ndiye niliyemwonyesha mpiga chapa mahali pa kukata. Sasa nionyeshe mahali pa nyumba yangu."

Filister alimwonyesha, upande wa kushoto wa nyumba yake, kama desturi inavyotaka. Mkono aliounyoosha ulikuwa mzito, lakini ulinyooka.

Mpiga picha wa gazeti aliwaita. Dorine alisimama katikati na kumvuta Filister ubavuni pake wa kulia. Mpiga picha aliinua mkono, akawaambia wasogee kidogo, kidogo tena, na watu wakasogea.

Picha ilifika baada ya wiki mbili, katika bahasha aliyoileta Maroa. Willis aliitazama akiwa amesimama mlangoni penye mwanga. Katikati alikuwapo mheshimiwa. Kulia kwake alikuwapo Filister, mzima, tangu kilemba cha manjano hadi vidole vya miguu. Kushoto palikuwa na ukingo, na penye ukingo palikuwa na mkono wa koti na nusu ya bega la mwanamume.

Willis aliigeuza nyuma, kana kwamba sehemu iliyobaki huenda iko huko.

"Mimi niko wapi?" aliuliza.

Filister alikuwa akiitazama picha juu ya bega lake. Hakuwa akijitazama mwenyewe. Alikuwa akimtazama Dorine, namna alivyosimama bila kuhitaji kujinyoosha.

"Karatasi ilikuwa ndogo," alisema, akaenda kuchochea moto.